Kioo cha Metali na Unyumbufu Wake: Uhakiki wa Istilahi Sita za Fizikia ya Yabisi

Utangulizi

Istilahi hupimwaje? Desturi iliyozoeleka ni kuipima kwa sikio na kwa sarufi: kama ni fupi, kama inatamkika bila taabu, kama inaafiki ngeli zetu, na kama mzizi wake unajulikana na watumiaji wengi. Vipimo hivyo ni vyema, na hakuna anayependekeza viachwe. Hata hivyo, kwa istilahi za sayansi havitoshi. Istilahi ya sayansi haina budi kupimwa pia kwa kazi yake: itiwe katika sentensi ambazo mtaalamu wa fani hulazimika kuzisema, kisha itazamwe kama sentensi hizo zimebaki kweli, au zimegeuka uwongo, au zimejipinga zenyewe.

Makala haya yanakusudia kufanya jaribio hilo katika sehemu moja ndogo ya fizikia ya yabisi, yaani jinsi mpangilio wa atomi unavyoathiri unyumbufu wa vioo vya metali. Sehemu hii imechaguliwa kwa sababu maalumu. Katika metali tulizozizoea, sifa nyingi hufuatana: metali iliyo ngumu kukwaruzwa mara nyingi huwa pia ngumu kupindwa na ngumu kukatika. Kwa hiyo neno moja laweza kubeba sifa tatu kwa muda mrefu bila msomaji kuona hasara. Katika vioo vya metali sifa hizo huachana njia, na neno lililokuwa likizibeba zote hulemewa hadharani.

Istilahi zitakazochunguzwa ni sita: kioo, isiyo na umbo, unyumbufu, mkazo, mkato na ugumu. Zote zimekwisha kutumika, kwa maana hii au ile, katika tafsiri na maelezo ya fizikia kwa Kiswahili. Uhakiki huu haumlengi mfasiri yeyote. Unayalenga maneno yenyewe.

Jambo lenyewe kwa muhtasari

Kabla ya kuyahukumu maneno yafaa kuujua ukweli ambao yanatakiwa kuusema.

Chuma, shaba, dhahabu na metali nyingine za kawaida ni fuwele. Atomi zake zimejipanga kwa safu zinazojirudia, mithili ya matofali ya ukuta uliojengwa na fundi mmoja kwa kamba moja. Metali ikiyeyushwa mpango huo hupotea. Ikipoa, atomi hurudi katika safu. Lakini zikipozwa kwa kasi kubwa mno hazipati wasaa wa kujipanga, nazo huganda zikiwa katika vurugu ya kioevu. Mwaka 1960 Pol Duwez na wenzake W. Klement na R. H. Willens, katika Taasisi ya Teknolojia ya California nchini Marekani, walitangaza kwamba wamelipata jambo hilo katika aloi ya dhahabu na silikoni, ambamo katika kila atomi 100 zilikuwamo 75 za dhahabu na 25 za silikoni. Kasi ya kupoza iliyohitajika ilikaribia digrii milioni moja kwa sekunde, na kilichopatikana kilikuwa vipande vyembamba sana. Baadaye zilipatikana aloi zilizo na subira zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Akihisa Inoue na wenzake katika Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, waligundua jamii kadhaa za aloi hizo. Na mwaka 1993 A. Peker na W. L. Johnson wa California walieleza aloi ya zirikoni, titani, shaba, nikeli na berili iwezayo kupozwa kwa digrii chache tu kwa sekunde, ikaganda kuwa kioo chenye unene wa sentimeta kadhaa.

Je, atomi hizo zimekaaje? Mfano wa kwanza ulitokana na kazi ya J. D. Bernal wa London, ambaye karibu na mwaka 1960 alichunguza gololi zilizomiminwa ovyo katika chombo. Gololi zilizopangwa vizuri kabisa hujaza sehemu 74 katika kila 100 za nafasi. Zilizomiminwa na kutikiswa hujaza karibu 64. Bernal alikuwa akiwaza habari za vioevu, lakini wachunguzi wa vioo vya metali waliuchukua mfano wake. Hata hivyo aloi halisi zina atomi za ukubwa mbalimbali, na ndogo hujipenyeza baina ya kubwa. Ndiyo sababu densiti ya kioo cha metali huwa pungufu kuliko ya fuwele ya aloi hiyo hiyo kwa kiasi kidogo tu, yapata asilimia 1 au 2. Isitoshe, vurugu yenyewe ina utaratibu wake. Kila atomi huwa na majirani waliojipanga kwa namna inayopendelewa. Mara nyingi majirani 12 huizunguka katika umbo la pande 20. Umbo hilo halawezi kurudiwarudiwa likaijaza nafasi yote, kwa hiyo utaratibu uliopo karibu na atomi haufiki mbali.

Sasa tuje kwenye unyumbufu. Kitu chaweza kujaribiwa kwa njia mbili za msingi. Kwanza, chaweza kubanwa sawasawa pande zote kipungue ujazo. Pili, tabaka zake zaweza kusukumwa zipishane, kama vile karata zilizopangwa zikisukumwa kwa kiganja, umbo likabadilika bila ujazo kubadilika. Vipimo, ambavyo hupatikana hasa kwa kupima kasi ya mawimbi ya sauti ndani ya kitu, vinaonyesha kwamba kioo cha metali hukinza mbano karibu sawa na fuwele yake. Tofauti ni asilimia chache. Lakini katika kukinza mpishano wa tabaka kioo hushindwa na fuwele kwa asilimia 20 hadi 35 hivi. Atomi ni zile zile, densiti inakaribiana, ila ukinzani wa aina ya pili umeanguka.

Sababu yake ilielezwa na D. Weaire na wenzake mwaka 1971. Katika fuwele kila atomi ina majirani waliokaa kwa ulinganifu, kama askari katika gwaride. Tabaka zikisukumwa, nguvu ya jirani wa kushoto husawazishwa na ya jirani wa kulia, na atomi huenda kwa kadiri ile ile ya kundi zima. Katika kioo ulinganifu huo haupo. Atomi ikisha kuchukuliwa na kundi hukuta majirani wanaisukuma kwa nguvu zisizolingana, nayo hujongea tena kidogo kutafuta mahali pake pa kutulia. Mijongeo hiyo ya ziada ndiyo inayokilegeza kioo. Ushahidi wa pili ni huu: kioo cha metali kikipashwa moto kwa kiasi, bila kugeuka fuwele, ukinzani wake wa mpishano hupanda kwa asilimia kadhaa hali densiti imeongezeka kwa chini ya asilimia 1. Kwa hiyo linaloamua hapa ni jinsi atomi zilivyokaa, kuliko jinsi zilivyosongamana.

Aina ya atomi nayo ina neno lake. Moduli ya Young, yaani kipimo cha ukinzani wa kitu kinapovutwa au kubanwa kwa urefu, ni kama gigapaskali 30 katika vioo vya seri, kama 95 katika vioo vya zirikoni vya aina ya mwaka 1993, na ilifika 268 katika kioo cha kobalti, chuma, tantali na boroni kilichotangazwa na Inoue na wenzake mwaka 2003. Aina ya atomi na vifungo vyake huweka kiwango. Mpangilio hukipunguza kiwango hicho.

Hayo ndiyo yanayotakiwa kusemwa. Sasa tuyatazame maneno.

1. Kioo

Pingamizi dhidi ya neno hili ni mbili. Inasemwa kwamba kioo katika Kiswahili ni kitu kinachopenyeza nuru na kinachovunjika, na kwamba metali hii haipenyezi nuru wala haivunjiki upesi. Inasemwa pia kwamba kioo ni chombo cha kujitazamia; kwa hiyo kioo cha metali kingeweza kueleweka kuwa ni kioo cha kujitazamia kilichofanyizwa kwa metali iliyosuguliwa, na vioo vya namna hiyo vilikuwako katika zama za kale.

Pingamizi ya pili ni ya kweli lakini haina uzito. Muktadha wa fizikia ya yabisi huiondoa mara moja, kama vile muktadha unavyotuondolea shaka tusomapo neno paa katika habari za nyumba au za wanyama. Pingamizi ya kwanza inastahili kujibiwa zaidi. Mwanafizikia akisema kioo hataji nuru wala kuvunjika. Anataja hali: yabisi iliyoganda kutoka katika kioevu bila kupita katika fuwele. Kioo cha dirisha ni mfano mmoja wa hali hiyo, tena mfano ulio maarufu kuliko yote. Kupanua maana ya neno kutoka mfano mmoja hadi jamii nzima ni njia halali ya kuunda istilahi, nasi tumeitumia mara nyingi.

Lililo muhimu zaidi ni mpangilio wa maneno mawili hayo. Wengine huandika metali ya kioo. Katika sarufi yetu neno la kwanza ndilo linalotaja kitu, na la pili hutaja chanzo au sifa yake: mlango wa mbao ni mlango, na mbao ya mlango ni mbao. Metali ya kioo kwa hiyo ingekuwa metali itokanayo na kioo, jambo lisilokuwapo. Kioo cha metali ni kioo kilichotokana na metali, na ndivyo kilivyo. Neno hili limefaulu jaribio.

2. Isiyo na umbo

Usemi huu ni tafsiri ya sisisi ya neno la Kigiriki ambalo lugha za Ulaya zimelitumia kwa yabisi zisizo fuwele. Katika lugha hizo asili ya neno imekwisha kufifia, na wachache huikumbuka walisemapo. Katika Kiswahili maneno yake yote yako hai, na kila msomaji huyaelewa kwa maana ya sikuzote. Hapo ndipo madhara huanza.

Tutie usemi huu katika sentensi: “Tepe za chuma kisicho na umbo hutumika katika viini vya transfoma kwa sababu hupoteza nishati kidogo.” Jambo lenyewe ni la kweli na lina manufaa. Lakini msomaji atauliza kwa haki: tepe isiyo na umbo ni tepe gani? Tepe ina umbo la tepe. Na mwanafunzi asiyeuliza atapata dhara kubwa zaidi, maana ataamini kwamba ndani ya kitu hicho hakuna mpangilio wowote. Tumekwisha kuona kwamba mpangilio upo, ila haujirudii. Elimu yote ya sehemu hii inazunguka jambo hilo: kwamba jinsi majirani walivyokaa ndiyo inayoamua ukinzani wa mpishano. Istilahi inayokana kuwapo kwa mpangilio huo inaufunga mlango ambao somo linataka kuufungua.

Inapendekezwa iandikwe isiyo fuwele. Neno hili linasema lisilokuwapo, wala haliongezi.

3. Unyumbufu

Neno unyumbufu limejengwa vizuri. Kutokana na nyumbua tumepata nyumbuka, kisha sifa -nyumbufu kwa kiambishi kile kile cha -kunjufu na -ongofu, kisha nomino. Tatizo lake si ujenzi. Matatizo yake ni mawili, na ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza.

La kwanza ni kwamba kitenzi nyumbuka, katika matumizi ya kawaida, hueleza kulainika, kupindika na kuvutika, lakini hakielezi kurudi. Unyumbufu wa fizikia ni sifa ya kurejea: mpira wa manati huvutika, na ukiachiwa hurudi urefu wake. Kitu kinachopindika kisirudi nacho chaweza kusemwa kuwa kimenyumbuka. Methali isemayo samaki mkunje angali mbichi inaeleza vyema tabia iliyo kinyume cha unyumbufu wa mwanafizikia, kwa kuwa samaki aliyekunjwa hukauka na mkunjo wake. Lakini msemaji wa kawaida hangeona kosa kumwita samaki huyo mnyumbufu. Hata wanasarufi wanapozungumzia mnyumbuliko wa vitenzi hawakusudii kwamba pigana itarudi kuwa piga.

Je, tulitupe neno hili tutafute jingine lenye mzizi wa rudi au rejea? Rai hiyo ina mantiki, lakini gharama yake ni kubwa kuliko faida. Istilahi iliyokwisha kuingia madarasani haing'olewi kwa sababu ya upungufu unaoweza kuzibwa na fasili. Inatosha fasili ya unyumbufu itaje kurejea waziwazi, na kwamba kwa tabia ya kupindika bila kuzingatia kurudi litumike neno upindikaji.

La pili ni kwamba neno hili limetwishwa kazi mbili zinazovutana. Tutazame sentensi hii: “Unyumbufu wa kioo cha zirikoni ni mkubwa kuliko wa chuma cha pua.” Je, ni kweli? Ikiwa unyumbufu ni kadiri ambayo kitu chaweza kugeuka umbo na bado kikarudi, ni kweli kabisa. Kioo hicho hurudi hata kikivutwa kwa asilimia 2 ya urefu wake, ambapo metali za fuwele zitumiwazo katika ujenzi kwa kawaida hupoteza uwezo wa kurudi kabla ya kufika hata asilimia 1. Lakini ikiwa unyumbufu ndio moduli, sentensi ni uwongo, kwa kuwa moduli ya Young ya chuma cha pua ni karibu gigapaskali 200, na ya kioo hicho ni kama 95. Neno moja limefanya sentensi moja iwe kweli na uwongo kwa wakati mmoja.

Chanzo cha mkanganyo ni kuiita moduli kipimo cha unyumbufu. Msomaji wa Kiswahili akisikia kipimo cha utamu ni kikubwa huelewa kwamba utamu ni mwingi. Moduli inakwenda kinyume: ikiwa kubwa, kitu hunyumbuka kwa shida. Katika hali kama hii neno la mkopo ni salama. Moduli ni neno bubu kwa msomaji mgeni. Halimwambii lolote mpaka alifunzwe. Lakini istilahi bubu ni afadhali kuliko istilahi isemayo uwongo, maana ya kwanza humtuma msomaji kwenye fasili, na ya pili humzuia asiende. Kwa ile kadiri ya mwisho ya kurudi inapendekezwa kikomo cha unyumbufu.

4. Mkazo

Neno mkazo limetumika kwa nguvu inayoelekezwa juu ya kila kipande cha eneo la kitu; na limewahi pia kutumika kwa badiliko la umbo linaloletwa na nguvu hiyo. Jaribio lake ni fupi. “Katika kioo cha zirikoni mkazo wa gigapaskali 1.9 huleta mkazo wa asilimia 2.” Mkazo mmoja hupimwa kwa paskali, mwingine hauna kizio, mmoja ni sababu, mwingine ni tokeo. Moduli yenyewe ni uwiano wa hayo mawili, nasi tukiyaita kwa jina moja tunamfundisha mwanafunzi kugawanya kitu kwa kitu hicho hicho.

Kwamba wanafonetiki nao wana mkazo wao si neno. Kanuni yafaa iwe hii: neno moja laweza kutumika katika fani mbili bila dhara, lakini ndani ya fani moja lisitumike kwa dhana mbili zinazokutana katika sentensi moja. Mkazo ubaki kwa sababu. Kwa tokeo limewahi kutajwa neno mvuto. Halifai, kwa kuwa badiliko hutokea pia kitu kinapobanwa, na mvuto una kazi nyingine katika habari za uzito na sayari. Inapendekezwa mgeuko: kiasi ambacho ukubwa au umbo la kitu limebadilika, kikilinganishwa na ukubwa au umbo la awali. Kutokana nalo tutapata mgeuko nyumbufu, unaotoweka mkazo ukiondolewa, na mgeuko wa kudumu, usiotoweka.

5. Mkato

Kwa ile hali ya tabaka kusukumwa zipishane, baadhi ya maandishi yametumia mkato, kwa kuwa mkasi hukata kwa njia hiyo. Sentensi kuu ya somo letu ingekuwa hivi: “Moduli ya mkato ya kioo cha metali ni ndogo kuliko ya fuwele kwa asilimia 20 hadi 35.” Fundi aisomapo ataelewa kwamba kioo hicho hukatika kwa urahisi kuliko metali ya kawaida. Akijaribu kwa msumeno atavunjika moyo pamoja na meno ya msumeno wake, kwa sababu vioo vingi vya metali ni vigumu kukata. Moduli hiyo inahusu msukumo mdogo ambao baada yake kila atomi inarudi, hakuna kilichokatwa. Neno limechukua mwisho wa jambo likalipa mwanzo wake.

Inapendekezwa mpishano, kutokana na pishana. Faida yake haiko katika usahihi pekee, bali pia katika uzazi wake. Tutaweza kusema mkazo wa mpishano, mgeuko wa mpishano na moduli ya mpishano. Na kioo cha metali kinapozidiwa, ule mgeuko wa kudumu unaokusanyika katika nyufi nyembamba zenye unene wa nanometa 10 hadi 20 hivi twaweza kuuita ukanda wa mpishano. Upande wa pili, ukinzani dhidi ya mbano wa pande zote utaitwa moduli ya ujazo. Majina haya mawili yakisimama pamoja, sheria ambayo ingechukua ukurasa kuielezwa itasemwa kwa mstari mmoja: vurugu ya atomi huigusa kidogo moduli ya ujazo, na huipunguza sana moduli ya mpishano.

6. Ugumu

Tumefika kwenye neno lililotumikishwa kuliko yote. Ugumu umetumika kwa ukinzani wa kukwaruzwa na kubonyezwa, kwa ukinzani wa kupindwa, kwa uwezo wa kustahimili mkazo mkubwa, na kwa uwezo wa kutopasuka. Tuandike ukweli kuhusu kioo cha zirikoni kwa neno hilo moja: “Kioo hiki kina ugumu mdogo kuliko chuma cha pua cha kawaida, lakini kina ugumu mkubwa kuliko chuma hicho, vioo vingine vya metali vina ugumu mkubwa na hapo hapo ugumu mdogo.” Kila kifungu cha sentensi hii ni kweli kwa maana mojawapo ya zile nne, na sentensi nzima ni upuuzi.

Hapa ndipo penye hatari yenyewe. Msomaji anayekutana na sentensi kama hiyo hatasema kwamba mfasiri ameshindwa. Atasema kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba fizikia. Lugha hubebeshwa lawama ya uvivu wa wateuzi wa maneno. Na lawama hiyo ikisha kuzoeleka hutumiwa kuwa hoja ya kuiondoa lugha katika madarasa ya juu. Wala hatuna udhuru, kwa kuwa maneno tunayo. Ukakamavu unafaa kwa ukinzani wa kugeuka umbo ndani ya kikomo cha unyumbufu, nao hupimwa kwa moduli. Uimara unafaa kwa mkazo mkubwa kabisa ambao kitu huustahimili. Ugumu ubaki kwa ukinzani wa kukwaruzwa na kubonyezwa. Ushupavu unafaa kwa uwezo wa kukinza ufa usienee. Sentensi yetu sasa itakuwa: “Kioo cha zirikoni kina ukakamavu mdogo kuliko chuma cha pua cha kawaida, lakini kina uimara na ugumu mkubwa zaidi, baadhi ya vioo vya metali vina uimara mkubwa na ushupavu mdogo.”

Faida ya utengano huo haikomi kwenye usafi wa lugha. Mwaka 2005 J. J. Lewandowski, W. H. Wang na A. L. Greer walionyesha kwamba ushupavu wa vioo vya metali unafungamana na uwiano wa Poisson, yaani uwiano baina ya kusinyaa kwa upana na kuongezeka kwa urefu wa kitu kinapovutwa. Uwiano huo huwa mkubwa pale ambapo moduli ya mpishano ni ndogo ikilinganishwa na moduli ya ujazo. Vioo ambavyo uwiano wake unazidi kama 0.31 au 0.32, vikiwamo vingi vya paladi na zirikoni, huelekea kuwa vishupavu. Vilivyo chini ya hapo, vikiwamo vingi vya magnesi na vya chuma, hupasuka upesi kama bilauri. Maana yake ni kwamba tabaka zinazopishana kwa urahisi humwokoa mwenye kioo asipate ufa. Msomaji mwenye neno moja tu la ugumu hawezi hata kuiuliza habari hiyo, sembuse kuielewa. Mwenye maneno manne ataona mara moja jambo la ajabu lililomo: kwamba ukakamavu mdogo wa mpishano ni rafiki wa ushupavu.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, yafuatayo yanawekwa mbele ya wasomaji na wataalamu wa fani ili yajadiliwe:

Kioo cha metali: metali au aloi iliyoganda kutoka katika kioevu bila kuwa fuwele.

Isiyo fuwele: yabisi ambayo mpangilio wa atomi zake haujirudii kwa masafa marefu. Usemi isiyo na umbo uachwe.

Unyumbufu: sifa ya kitu kurejea umbo na ukubwa wake mkazo ukiondolewa.

Kikomo cha unyumbufu: mgeuko mkubwa kabisa, au mkazo unaouleta, ambao kitu chaweza kurejea kutokana nao.

Mkazo: nguvu kwa kila kizio cha eneo.

Mgeuko: badiliko la ukubwa au umbo likilinganishwa na hali ya awali.

Moduli: uwiano wa mkazo kwa mgeuko ndani ya kikomo cha unyumbufu, nazo ni moduli ya Young, moduli ya mpishano na moduli ya ujazo.

Mpishano: hali ya tabaka za kitu kusukumwa sambamba zikipitana. Neno mkato liachwe kwa maana hii.

Ukakamavu, uimara, ugumu, ushupavu: kama zilivyofasiliwa katika sehemu ya sita, lisitumike moja kwa niaba ya jingine.

Hitimisho

Katika istilahi sita zilizojaribiwa, moja imefaulu bila marekebisho, mbili zinastahili kuachwa kwa maana zilizopewa, na tatu zinafaa zikipunguziwa mzigo. Yafaa izingatiwe kwamba hakuna hata moja iliyoshindwa kwa sababu ya kuwa ya Kibantu au ya mkopo. Zilizoshindwa, zimeshindwa kwa kusema jambo lisilo kweli au kwa kusema mambo mawili kwa pamoja.

Kati ya mapendekezo haya lililo na nafasi kubwa ya kupingwa ni mpishano, kwa sababu mkato umekwisha kuwazoesha baadhi ya walimu, na hoja ya mazoea iliyotumika hapa kuutetea unyumbufu yaweza kutumika kuutetea mkato. Jibu letu ni kwamba upungufu wa unyumbufu huzibwa na fasili, maana neno linanyamaza pale linapopungua. Mkato hauzibiki, kwa kuwa unasema kinyume. Wataalamu wa uhandisi na walimu wa fizikia wenye rai nyingine wanaombwa wailete pamoja na sentensi za fani yao zinazoithibitisha. Mjadala wa istilahi ukiletwa na sentensi huamuliwa upesi. Ukiletwa na mapenzi ya maneno hauishi.